Sabuni, Sanduku na Mtangazaji: Hamu Isiyo na Soko

Michezo ya zawadi ya televisheni, yaani vipindi ambavyo mwananchi wa kawaida huitwa studioni kujibu maswali au kuchagua sanduku ili ajishindie fedha au bidhaa, haikuwahi nchini Kenya kuwa biashara ya televisheni yenyewe, bali ilikuwa biashara ya sabuni, na baadaye ya laini za simu, iliyokodi muda wa hewani. Msingi huo ndio unaoeleza kwa nini vipindi hivyo vinakumbukwa kwa mapenzi hadi leo katika vituo vya biashara kama Keumbu, soko la ndizi lililo kando ya barabara itokayo Kisii kwenda Keroka, ilhali kumbukumbu hiyo haimwingizii mtu yeyote hata shilingi moja.

Kipindi kinachotajwa kwanza kila mazungumzo kuhusu vipindi hivyo yanapozuka ni Omo Pick-a-Box, kilichorushwa na Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, na ambacho jina lake lenyewe liliiweka bidhaa ya mdhamini mbele ya mchezo. Omo ilikuwa sabuni ya unga ya East Africa Industries, kampuni tanzu ya Unilever iliyotengeneza pia Kimbo na Blue Band, kwa hiyo karibu kila rafu ya duka la rejareja katika Kisii na Nyamira ilikuwa na kitu chake. Mchezo wa sanduku ulikuwa na ukoo mrefu nje ya Afrika: nchini Australia, Bob Dyer aliuanzisha redioni mwaka 1948 na kuuendesha kwenye televisheni kuanzia 1957 hadi 1971, na nchini Uingereza, Michael Miles aliendesha mchezo wa jamii hiyo katika ITV kuanzia 1955. Kiini cha michezo hiyo ni majadiliano ya bei, kwa kuwa mtangazaji humpa mshiriki fedha taslimu ili aliache sanduku ambalo halijafunguliwa, kisha huipandisha fedha hiyo kidogo kidogo huku watazamaji wakipiga kelele za kumshauri, na mshiriki asijue kama ndani mna zawadi ya maana au kitu cha kuchekesha tu. Mwenye kujua namna mkungu wa ndizi unavyopatanwa bei pale Keumbu, muuzaji akijifanya hana haja na mnunuzi akijifanya anaondoka, hahitaji kufundishwa utamu wa mchezo huo.

Kwa mdhamini hesabu ilikuwa nyepesi. Kabla ya KTN kuanza mwaka 1990, Kenya ilikuwa na kituo kimoja tu cha televisheni, na nje ya Nairobi hali hiyo iliendelea kwa miaka kadhaa zaidi, hivi kwamba aliyelipia kipindi kimoja alinunua macho ya nchi nzima yaliyokuwa mbele ya runinga jioni hiyo. Runinga zenyewe zilikuwa chache. Vijijini, ambako stima haikuwa imefika, nyingi zilikuwa za rangi nyeusi na nyeupe, zikiendeshwa kwa betri ya gari iliyobebwa hadi sokoni kuchajiwa, na majirani walijaa sebuleni mwa mwenye nayo. Mtazamaji hakulipa chochote zaidi ya bei ya pakiti ya sabuni ambayo angeinunua hata hivyo, na mtangazaji, aliyekuwa sura ya bidhaa pasipo kuonekana mchuuzi, ndiye aliyegeuza gharama ya mdhamini kuwa imani ya mteja. Wadhamini wa siku hizi wanaomlipa mtu maarufu kwa picha moja ya mtandaoni wanatafuta imani ileile, ingawa hawana subira ya kuijenga wiki baada ya wiki.

Udhaifu wa mpango huo ni kwamba uhai wa kipindi ulifungamana na mfuko wa mdhamini. Mfano ulio wazi zaidi ni shindano la chemsha bongo la vyuo vikuu vya nchi kadhaa za Afrika lililoanza mwaka 2007 kwa jina la Celtel Africa Challenge, ambalo maswali yake yaliulizwa na mwigizaji Mkenya John Sibi-Okumu, ambaye sauti yake tulivu na matamshi yake makini vilimfanya ajulikane Kampala na Dar es Salaam sawa na Nairobi. Kampuni ya simu ya Celtel ilipobadilishwa jina kuwa Zain mwaka 2008, shindano nalo likabadilishwa jina. Na Zain ilipoyauza mengi ya mashirika yake ya Afrika kwa Bharti Airtel ya India mwaka 2010, shindano halikudumu. Watazamaji hawakulichoka, lilikosa mwenyewe.

Nafasi iliyoachwa wazi haikujazwa na michezo mingine ya studio. M-Pesa, iliyoanzishwa Machi 2007, iliwezesha mtu kulipa kiasi kidogo papo hapo kwa simu, na juu ya njia hiyo zikajengwa bahati nasibu za redio na, hasa baada ya SportPesa kuingia sokoni mwaka 2014, kamari ya matokeo ya mpira. Hapo mtiririko wa fedha uligeuka, kwa sababu zamani mdhamini alitoa na mtazamaji akapokea, ilhali sasa mshiriki mwenyewe ndiye anayetoa kwanza, na zawadi hutoka katika jumla ya michango ya walioshindwa. Kijana wa bodaboda anayeweka dau akisubiri abiria hana mtangazaji wa kumwonea huruma wala umati wa kumwambia achukue fedha aende nyumbani. Serikali iliingilia kati kwa kusimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30 mwishoni mwa Aprili 2025, na mwaka huohuo ikapata sheria mpya ya udhibiti wa kamari badala ya ile ya 1966.

Kwingineko, hamu ya vipindi vya kale ni bidhaa kamili. Nchini Marekani, Game Show Network ilianza kurusha michezo ya zamani mwaka 1994, na Fremantle, inayomiliki hazina kubwa ya kanda hizo, ilifungua kituo cha Buzzr mwaka 2015 kwa ajili hiyo hiyo, japokuwa hata huko kanda nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilifutwa ili zitumike tena. Biashara hiyo inahitaji vitu viwili: kanda iliyohifadhiwa, na haki ya kuirusha ambayo mmiliki wake anajulikana. Nchini Kenya haki hizo zimegawanyika kati ya kituo, mdhamini, wakala wa matangazo na wakati mwingine mwenye muundo wa mchezo ng'ambo, na kampuni nyingi kati ya hizo zimebadilisha majina au wamiliki. KBC na kampuni zilizorithi chapa hizo zingefanya jambo la faida, wala si la hisani, kwa kuchapisha orodha ya kanda zilizopo na kukubaliana mgawo wa mapato, na katika mgawo huo fungu la watangazaji liandikwe wakiwa bado hai kulipokea.