SAUTI BILA WAYA: JINSI BABU ALIVYOLISIKIA BAO PAMOJA NASI

Mwaka huu sikuletei shairi wala kitendawili. Nataka kukueleza jambo tunalolitumia kila siku bila kujua linavyofanya kazi, nalo ni kutuma sauti pasipo waya kutoka chumba kimoja hadi spika iliyo mbali. Sikulipata jambo hili kitabuni kwanza. Nililipata kwa shida, na shida yenyewe ilikuwa ya Babu.

Nyumbani kwetu ni hapa hapa Kibuye, karibu na soko. Nyumba kubwa, iliyo na sebule na runinga, imejengwa kwa mawe. Nyuma yake kuna ua, na ng'ambo ya ua ndipo kilipo chumba cha Babu, cha mabati kuanzia ukutani hadi paani. Nimepima mwenyewe: kutoka dirisha la sebule hadi dirisha la Babu ni hatua 14.

Babu haoni tena. Presha ya macho ilimpofusha polepole. Tena alianguka akavunjika nyonga, na kumhamisha kitandani ni kumtesa. Lakini mpira anaupenda kama zamani. Mpaka leo hukusimulia jinsi alivyokumbatia redio mwaka 1987 Gor Mahia waliponyakua Kombe la Washindi la Afrika, walipotoka sare ya 2-2 na Espérance kule Tunis, kisha 1-1 hapa Nairobi, wakalibeba kombe kwa mabao ya ugenini.

Sasa, mwezi wa Agosti mwaka 2025, michuano ya CHAN ilichezwa katika Kenya, Tanzania na Uganda. Shule zilikuwa zimefungwa. Sebule yetu ilijaa ndugu na majirani hata pa kukanyaga pakakosekana. Siku moja kabla ya mechi ya kwanza, Babu aliniita.

"Nyakwara," akasema, "ninyi mkipiga kelele za bao, mimi hubaki huku nikiuliza kuna nini. Anayekuja kunijibu huja baadaye, furaha ikiwa imekwisha."

"Lakini Babu, si una redio yako?" nikamwuliza.

"Redio ninayo. Hiyo hunipa mpira wa peke yangu. Mimi nataka huo wenu."

Kusema kweli, maneno hayo yalinichoma. Kuihamisha runinga hakungefaa, kwa maana chumba cha Babu kimejaa kitanda na kiti kimoja tu. Kuongeza sauti mpaka ifike kwake kungetugombanisha na majirani. Basi nikajiapiza kwamba nitaifikisha sauti ya sebuleni kitandani kwa Babu.

Jaribio la kwanza lilikuwa tarehe 3 Agosti, Harambee Stars dhidi ya DR Congo. Nilichukua simu ya Mama, nikaifungulia matangazo ya mechi kwenye intaneti, nikaiunganisha na spika ndogo, nikaweka vyote kando ya mto wa Babu. Nikajiona profesa! Karibu na mapumziko Austin Odhiambo akafunga. Sebule ikalipuka. Manyatta nzima ikapiga mayowe. Nikatimua mbio hadi kwa Babu, nikamkuta ametulia, na simu bado inatangaza mpira ukiwa katikati ya uwanja.

"Wamefunga, sivyo?" akaniuliza. "Basi sasa nangoja kuambiwa habari ya zamani."

Kosa langu lilikuwa nini? Matangazo ya intaneti hukatwa vipande vipande, hutumwa kupitia mitambo mingi, kisha simu huvikusanya vipande kadhaa kwanza kabla ya kuanza kuvicheza, ili sauti isikatike. Kwa hiyo mara nyingi huchelewa kwa nusu dakika au hata zaidi. Kwa wimbo hilo si kitu. Kwa bao ni msiba. Nikajifunza kwamba sauti ya Babu ni lazima itoke kwenye runinga ile ile tunayoitazama sisi.

Jaribio la pili lilikuwa tarehe 7 Agosti, siku ya Angola. Mjomba alininunulia kidude cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye tundu la visikizi la runinga. Kazi yake ni kuichukua sauti ya runinga na kuirusha kwa spika. Nilikichomeka nyuma ya runinga, nikapeleka spika kwa Babu, tukaanza. Ikalia! Dakika tano tu. Baada ya hapo ikawa "Mpira una... kwa... anapiga... aaa..." Kila Baba Mdogo aliposimama kulaumu refa, spika ilinyamaza kabisa. Akiketi, inarudi. Tulitoka sare ya 1-1, na Babu hakujua nani alifunga lini.

Nilitaka kukivunja kidude kile. Lakini kuuliza si ujinga. Kesho yake nikampelekea fundi mmoja wa redio pale sokoni. Alikipima, akakirudisha.

"Kijana, hiki ni kizima," akasema. "Umekirushia wapi?"

Nikamweleza: nyuma ya runinga, watu wamejaa mbele, halafu ua, halafu mabati. Fundi akacheka. Akanyosha kidole kwa majirani zake wa jua kali, waliokuwa wakigonga masanduku ya bati.

"Ukijiangalia kwenye kioo, unamwona mtu aliye nyuma ya kioo?"

"La, fundi."

"Basi bati ni kioo cha mawimbi. Wimbi likiligonga, linarudi lilikotoka."

Hapo ndipo nilipofungua daftari la fizikia kwa moyo mmoja. Hebu nikueleze kwa lugha nyepesi.

Sauti ni mtetemo wa hewa. Hewani husafiri kama mita 340 kwa sekunde, na huchoka upesi. Ili iende mbali bila waya, kwanza hugeuzwa kuwa umeme, kisha hupakiwa juu ya wimbi la redio. Fikiria mkokoteni pale sokoni. Mkokoteni si mahindi, ila huyabeba mahindi. Wimbi ndilo mkokoteni, sauti ndiyo gunia. Huko mwisho wa safari, spika hushusha gunia: umeme huingia kwenye waya uliozungushwa karibu na sumaku, waya hutikisika, karatasi ya spika hutikisika nao, hewa hutetemeka, na sikio la Babu linasikia. Mawimbi haya hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde. Mjerumani Heinrich Hertz ndiye aliyethibitisha kuwepo kwake katika miaka ya 1880, na ndiyo sababu tunahesabu mitetemo kwa jina lake.

Mikokoteni haifanani. Mawimbi ya FM, kama yale yanayotuletea Ramogi FM, hutetemeka mara milioni 88 hadi 108 hivi kwa sekunde, na urefu wa wimbi moja ni kama mita 3. Bluetooth hutetemeka mara bilioni 2.4, na wimbi lake ni kama sentimita 12 na nusu tu. Wimbi refu huzunguka vizuizi kwa urahisi kuliko fupi. Hata hivyo, bati huyasumbua yote mawili, na ndiyo maana redio ya Babu hukaa dirishani siku zote.

Bluetooth ilianza kubuniwa katika kampuni ya Ericsson nchini Sweden mwaka 1994. Ilipewa jina la Harald Bluetooth, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 anayesifiwa kwa kuwaunganisha watu wake. Shabaha ilikuwa kuunganisha vyombo vilivyo karibu, kwa hiyo nguvu yake ni ndogo makusudi ili betri isiishe haraka. Vyombo vingi hufika mita 10 hivi. Vile vyenye nguvu zaidi hufika hata mita 100, lakini mahali peupe, si uani kwetu. Isitoshe, ukizidisha umbali mara mbili, nguvu inayofika hubaki robo.

Na Baba Mdogo je? Mwili wa binadamu umejaa maji, na maji huyanyonya mawimbi ya aina hii. Baba Mdogo ni mtu wa kifua kipana. Aliposimama mbele ya kidude, ni kama mtu aliyeegesha lori mlangoni.

Kabla sijaondoka, fundi mwenyewe alinipa onyo. Kuna vijana wanaounda mitambo midogo ya kurusha FM, redio yoyote ya karibu ikaipokea. Nilivutiwa, maana redio ya Babu ingetosha. Akanikataza. Masafa ya FM yamegawiwa vituo kwa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 1998. Ukirusha wako kiholela unaweza kumharibia jirani kituo chake, na sheria ikakufuata mpaka mlangoni.

Njia nyingine ni spika za Wi-Fi. Hizi hupokea sauti kupitia mtandao wa nyumbani, zinaweza kuwekwa vyumba vingi zikalia pamoja, na hufika mbali kuliko Bluetooth ya kawaida. Ila ni ghali, zinataka kifaa cha mtandao kiwake wakati wote, na stima ikipotea zote hunyamaza. Bluetooth nayo imeendelea. Mwaka 2022 ulitangazwa mtindo uitwao Auracast, ambao chombo kimoja huweza kuwarushia wasikilizaji wengi kwa pamoja. Sisi tulikuwa na kidude kimoja na spika moja, basi tukafanya kwa tulichokuwa nacho.

Jaribio la tatu lilikuwa Jumapili, tarehe 10 Agosti, dhidi ya Morocco. Sikununua chombo kipya. Nilinunua waya wa sauti wa mita 3 tu. Nikakitoa kidude nyuma ya runinga, nikakipandisha juu ya dirisha la sebule, kimo cha kuwapita watu wote wakisimama, hata Baba Mdogo. Nikafungua dirisha la mbao la Babu, nikaweka spika kizingitini, vikatazamana uso kwa uso. Katikati hakukuwa na kitu ila hewa na kamba ya nguo. Mama akaanua nguo zilizolowa.

Mpira ukaanza. Nilikaa kwa Babu, sikwenda sebuleni. Sauti haikukatika. Kabla ya mapumziko, Ryan Ogam akafunga, na hapo, msomaji, nikaona nilichokuwa nakitafuta. Babu alipiga kelele, sebule ikapiga kelele, na kelele zikakutana uani!

Nilipiga hesabu baadaye. Bluetooth huchelewa kidogo, maana sauti hugeuzwa tarakimu, hubanwa, hurushwa, kisha hufunguliwa. Ucheleweshaji huo kwa kawaida ni kama sehemu mbili za kumi za sekunde. Nao waliokuwa sebuleni, tangu kuona mpaka kupiga yowe, walihitaji muda kama huo huo. Ndiyo maana tulikuwa sawa. Tuliwashinda Morocco 1-0, hao hao waliokuja kulitwaa kombe mwisho wa mwezi.

Kwa hivyo, mwenzangu, ukitaka kupeleka sauti chumba cha mbali, usikimbilie kununua. Kwanza pima hatua. Pili, angalia njia: kuna bati, ukuta mnene, maji, au watu? Tatu, inua kirushio juu na umtafutie msikilizaji dirisha. Nne, jiulize kama kuchelewa kutakudhuru. Na kama umbali ni mfupi na unaweza kupitisha waya salama, pitisha waya. Mgala muue na haki yake mpe: waya hauhitaji kuchajiwa.

Wapo watakaosema nimehangaika bure kwa ajili ya mpira. Niwaambie yaliyotokea tarehe 22 Agosti. Siku hiyo tulicheza robo fainali na Madagascar. Tulitoka sare ya 1-1, tukaenda kwa penalti, tukatolewa. Sebule nzima ikanyamaza. Watu wakatoka mmoja mmoja bila kuaga. Nikavuka ua kwenda kumfariji Babu, nikidhani nitamkuta amejiinamia.

Nilimkuta ameegemea mto, mkono wake uko juu ya spika.

"Pole, Babu," nikasema. "Tumefungwa."

"Najua," akajibu. "Leo hukuhitaji kuja kuniambia."

Wenu katika Kiswahili,
Mwanachama, Kidato cha Tatu.