Shati la Nje: Mabwanga ya Wanaume kutoka Musoma hadi Butiama

Musoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, lakini asikudanganye mtu kwa kimo hicho. Mji umekaa kwenye ulimi wa nchi kavu ulioingia Ziwa Victoria, nyuzi moja na nusu tu kusini mwa ikweta, na mchana joto hufika nyuzi 28 au 29 karibu mwaka mzima, tena hewa imejaa unyevu wa ziwa. Mwanamume aliyevaa shati la kubana, akalichomekea na kukaza mkanda, huwa ameloa mgongo kabla hajatoka Nyasho kufika Mwigobero. Mwenzake mwenye shati bwanga lililoachwa nje amepita njia ileile, juani vilevile, na bado ananyoosha mkono kusalimia watu bila kuhofia kwapa.

Tofauti hiyo ina sababu inayopimika. Mwaka 1980 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti wa Amiram Shkolnik na wenzake, waliotaka kujua kwa nini Mabedui wa jangwa la Sinai huvaa majoho meusi ilhali kila mtu anajua nguo nyeusi hunyonya joto. Walikuta kwamba joto lililomfikia mvaaji lilikuwa sawa, joho likiwa jeusi au jeupe. Kitambaa cheusi kilipata moto zaidi, ni kweli, lakini ziada hiyo ilichukuliwa na upepo kabla haijagusa ngozi, kwa kuwa kati ya joho na mwili palikuwa na nafasi ya hewa kutembea. Rangi haikuwa na uzito ambao wengi hudhani. Nafasi ndiyo iliyofanya kazi.

Shati la nje hufanya jambo hilohilo kwa kiasi kidogo. Hewa iliyopashwa moto na mwili hupanda na kutokea kolani, nyingine ikaingia kwa chini. Ukichomekea, njia ya chini imezibwa, na kilichobaki ni jasho na subira.

Hata hivyo, kwa muda mrefu shati la nje lilihesabiwa kuwa vazi la mtu asiye na pa kwenda. Karani alichomekea, mwalimu alichomekea, mwanafunzi aliyesahau kuchomekea alikumbushwa kwa fimbo. Ili pindo lililo nje lipate heshima ya kuingia ofisini, ilibidi wakubwa walivae kwanza, na mmoja wa wakubwa hao alikuwa mtoto wa Butiama.

Picha za Mwalimu Julius Nyerere za miaka ya mwanzo ya chama cha TANU, wakati wa safari yake ya Umoja wa Mataifa mwaka 1955, zinamwonyesha mtu wa suti na tai. Baadaye, akiwa Rais, picha zinabadilika. Tai inatoweka, na mahali pake panashikwa na vazi la juu jepesi, lenye mifuko ya kubandika, linaloshuka hadi nyongani juu ya suruali ya kitambaa kilekile. Februari 1965 Nyerere alizuru China, na Juni mwaka huohuo Waziri Mkuu Zhou Enlai akaja Dar es Salaam. Watanzania hawakuchelewa kulibatiza vazi la namna hiyo jina la mgeni: chuenlai. Wachina wenyewe wanalinasibisha na Sun Yat-sen, aliyelivaa miongo kadhaa kabla ya Mao na Zhou. Ndugu yake wa mikono mifupi akapewa jina la Rais wa Zambia, Kenneth Kaunda, na mpaka leo ukimwambia fundi yeyote wa Bunda akushonee kaunda suti hatakuuliza ni kitu gani.

Kaunda suti bado haijamaliza kesi zake. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kenya, Moses Wetang'ula, aliipiga marufuku ndani ya Bunge, katika nchi ambayo Rais wake mwenyewe, William Ruto, alikuwa ameifanya vazi la kila wiki. Upande wa Tanzania habari hiyo ilisomwa kwa kicheko kidogo. Hapa vita vya nguo vya serikali na chama vilikwenda upande mwingine kabisa: Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1, 1969, na miongoni mwa vilivyopigwa marufuku, pamoja na sketi fupi na nywele za bandia, zilikuwemo suruali za kubana. Kijana wa kiume alitakiwa avae nguo zenye nafasi. Sababu zilizotolewa zilikuwa za utamaduni na maadili, wala hakuna aliyezungumzia mzunguko wa hewa. Haikupita miaka mingi vijana wakahamia kwenye bugaluu, suruali pana kuliko alivyotaka mtu yeyote.

Aliyekamilisha barani kazi ya kulipa shati la nje heshima alikuwa Nelson Mandela. Katika miaka ya 1990 alionekana kwenye mikutano ya wakuu wa nchi katika shati refu la hariri lenye maua, limefungwa hadi kifungo cha juu na kuachwa nje. Kuna kanuni ndani ya vazi hilo ambayo wengi wanaoliiga huikosa. Lilikuwa bwanga kiunoni, lakini kolani lilikuwa limetulia na mabegani limekaa sawasawa. Kilicholegea ni kile tu kilichokusudiwa kulegea.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya shati bwanga na shati kubwa. Shati kubwa limekosea kila mahali, kola inaning'inia, mshono wa bega umeteremka hadi katikati ya mkono, na kikofi cha mkono kinafunika vidole. Shati bwanga limepunguziwa utii kifuani na tumboni peke yake. Fundi mzuri akishika tepu hupima kifua cha mteja kisha huongeza nafasi: inchi tatu au nne kwa shati la kubana, tano au sita kwa la kawaida, nane hadi kumi na mbili kwa bwanga. Bega lenyewe haliongezwi hivyo. Nusu inchi, inchi moja, basi. Ukitaka bega la kushuka, kama wapendavyo vijana wa sasa, ni lazima likatwe hivyo tangu mwanzo, na tundu la mkono lishushwe pamoja nalo, vinginevyo kila ukiinua mkono kushika bomba la daladala shati zima litapanda na kitovu kitaonekana.

Kipimo cha pili ni urefu. Shati la kuchomekea huhitaji mkia mrefu ili lisichomoke mtu akiinama, na ndiyo maana pindo lake hukatwa kwa mviringo, refu nyuma na mbele, fupi ubavuni. Ukiliacha shati la aina hiyo nje, linakuwa kama gauni la kulalia. Shati lililoshonwa kwa ajili ya kukaa nje lina pindo lililonyooka na huishia katikati ya zipu ya suruali, likifunika mkanda na kuacha sehemu ya makalio ionekane. Kwa mtu wa kimo cha wastani ni inchi 28 au 29 kutoka shingoni kwa nyuma. Mashati ya Hawaii, ambayo mfanyabiashara Ellery Chun wa Honolulu aliyatia sokoni katika miaka ya 1930, yalikatwa pindo lake hivyohivyo, na sababu ilikuwa ileile: hayakukusudiwa kuingia ndani ya suruali hata siku moja.

Mpasuo wa inchi mbili kila ubavu husaidia sana, hasa kwa anayepanda bodaboda. Bila mpasuo, shati hukunjana juu ya nyonga mtu akikaa, na akishuka anatembea nusu ya safari huku akilivuta. Ni kazi ya dakika chache kwa fundi, na kwa bahati mbaya ndiyo ya kwanza kurukwa akiwa na haraka ya Ijumaa.

Kitambaa nacho kina hadithi yake hapa, na Mkoa huu wa Mara unaweza kuisimulia vizuri kuliko mikoa mingi. Bunda ni nchi ya pamba. Hupandwa mvua za Novemba na Desemba, huvunwa kuanzia katikati ya mwaka, na aina za mbegu zinazobeba herufi UK zimepewa herufi hizo na kituo cha utafiti cha Ukiriguru, Mwanza. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Serikali ilitaka pamba ifumwe nchini. Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa 1968. Mwanza ikapata Mwatex. Musoma nayo ikapata kiwanda chake cha nguo, MUTEX. Jina hilo lilikuwa la kiwanda, la mtaa wa ajira, na la fahari ya mji. Kisha ikaja miaka ya uhaba, mashine zikakosa vipuri, viwanda vikadorora. Sehemu kubwa ya pamba ya Kanda ya Ziwa leo huuzwa nje ikiwa imechambuliwa mbegu tu, haijasokotwa wala kufumwa, na mkulima wa Bunda huenda akainunua tena sokoni ikiwa shati lililokwisha kuvaliwa na mtu mwingine Marekani au Ulaya.

Mitumba ilimiminika Serikali ilipolegeza masharti ya uagizaji katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni ifikapo 2019, Marekani ikatishia kuwanyima nafuu ya ushuru ya AGOA, na aliyebaki na msimamo ni Rwanda peke yake, ambayo mwaka 2018 ilisimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Tanzania ilirudi nyuma. Marobota yakaendelea kufunguliwa.

Kwa mpenda mabwanga, uamuzi huo una faida na hasara. Mashati ya Marekani yameshonewa miili mipana, kwa hiyo mnadani lundo la mashati ya wanaume huwa na mengi yaliyo makubwa kupita kiasi, na wauzaji huyashusha bei kwa sababu wateja wengi bado wanatafuta la kubana. Hapo ndipo jicho linapohitajika. Angalia bega kwanza. Kama mshono umepita bega lako kwa vidole viwili au vitatu, fundi anaweza kulifanya shati hilo bwanga zuri kwa kukata mkia na kunyoosha pindo. Kama umeshuka hadi karibu na kiwiko, liache, hata likiwa la bei ya soda. Kurekebisha bega ni kulifumua shati na kulishona upya, na gharama ya fundi itazidi ya shati. Likunje pia mkononi na kuliachia: pamba na lineni hubaki na mikunjo, poliesta hurudi laini kama haikuguswa. Poliesta inaonekana nadhifu asubuhi. Saa saba mchana, kando ya ziwa, inajuta kwa niaba yako.

Kitenge ni njia nyingine, na kwa sherehe za Mara, iwe harusi, kipaimara au ubatizo, ndiyo njia kuu. Shati la mikono mifupi hula yadi mbili hadi mbili na nusu, kutegemea mwili na ukubwa wa maua. Maua makubwa huongeza kitambaa kwa sababu lazima yalinganishwe pande mbili za vifungo na juu ya mfuko. Fundi asiyelinganisha hukuletea samaki mwenye kichwa upande mmoja na mkia upande wa pili, umbali wa nusu inchi na kimo tofauti. Dashiki ina masharti yake peke yake. Mchoro wake maarufu wenye mapambo shingoni ulibuniwa Vlisco, Uholanzi, mwaka 1963 na Toon van de Manakker, na shingo imekwisha chorwa kwenye kitambaa. Huwezi kuikata popote utakapo. Mwili wa mteja ndio unaofuata mchoro, na dashiki iliyobanwa ubavuni ili ifanane na shati la ofisini hupoteza maana yote.

Juu kukiwa pana, chini kunahitaji utulivu. Si lazima suruali ibane kama modo. Iliyonyooka tu, yenye upana wa wastani kwenye enka, inatosha kuonyesha kwamba upana wa juu ulikusudiwa. Wanaopenda pana juu na pana chini wanaweza, mradi wawe warefu au wakate shati fupi zaidi. Mtu mfupi humezwa. Pensi inakwenda na bwanga Jumapili jioni ufukweni, si kikaoni. Singlendi ndani hunyonya jasho, lakini iwe ya shingo ya chini isichungulie, na kifungo cha juu kikiachwa wazi kiwe kimoja. Vifungo viwili vina umri wake. Mzee akienda msibani Butiama na shati bwanga la rangi moja, jeusi, kijivu au buluu iliyokolea, lenye kola iliyopigwa pasi, hakuna atakayemwona hakujiandaa. Kola ndiyo inayosomwa kwanza, kwa hiyo gundi ya ndani ya kola isifanyiwe ubahili hata kama sehemu nyingine zote za shati ni nyepesi.

Na kabla ya yote hayo, kitambaa kipya cha pamba kilowekwe usiku mzima na kuanikwa kivulini kabla ya mkasi kukigusa. Pamba hujikunyata maji yakiipata mara ya kwanza, na pindo lililopimwa vizuri Jumamosi dukani kwa fundi laweza kuwa limepanda juu ya mkanda baada ya kufuliwa Jumatatu. Mafundi wengi wa Musoma hawalowekei wateja, kwa sababu hawana muda wala kamba. Ni kazi ya mwenye shati, na ikimshinda, basi amwambie fundi aache inchi moja ya ziada ndani ya pindo, ikunjuliwe baadaye.