Fahamu: Neno la Kiingereza ‘heal’ na undugu wake na uzima

Ukisoma habari za afya kwa Kiingereza, hukosi kulikuta neno ‘heal’, yaani kuponya au kupona. Asili yake si dawa wala mganga. Katika Kiingereza cha kale, kilichosemwa Uingereza kabla ya Wanormani kuivamia mwaka 1066, lilikuwa ‘hælan’, kitenzi kilichotokana na ‘hal’: zima, kitu kisichopungua wala kuvunjika. Kumponya mtu kulikuwa kumrudisha katika uzima wake.

Mswahili hapa haoni ugeni. Chungwa zima ni lile lisilokatwa, na mtu asiyeumwa naye ni mzima. Lugha mbili zisizo na undugu zimekutana kwenye wazo moja, jambo ambalo hunifurahisha kila nikilifikiria. Hata salamu zinakaribiana: Waingereza wa kale walitakiana heri kwa kusema ‘wes hal’, yaani uwe mzima. Sisi tunaulizana, “U mzima?”

Mzizi huohuo umezaa ‘health’, afya, ‘whole’, zima, na ‘holy’, takatifu. Herufi W iliyo mwanzoni mwa ‘whole’ isikupoteze, kwani iliongezwa baadaye katika maandishi na haitamkwi. Wajerumani nao wana ‘heilen’, kuponya, na ‘heilig’, takatifu.

‘Cure’, neno jingine la Kiingereza la kuponya, ni la ukoo mwingine kabisa. Lilitoka Kilatini, ‘cura’, likapitia Kifaransa, na maana yake ya kwanza ilikuwa uangalizi: kumshughulikia mgonjwa, hata kabla hajapona.