Mtambaji wa Hadithi Katika Mchezo wa Kuigiza Darasani

Mwanachuo anayepangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi ya kata kama Machochwe, wilayani Serengeti, hakawii kuona jambo moja. Watoto wa darasa la tatu, ambao katika kipindi cha Kiswahili hujibu kwa neno moja moja, wakitoka nje wakati wa mapumziko husimuliana kwa mikono, kwa macho na kwa sauti za kila namna mambo ya usiku uliopita: tembo waliotoka hifadhini wakaingia mashambani, watu waliokesha wakipiga madebe, na yule aliyekimbia akaacha kiatu matopeni. Wengi husimulia kwa Kikuria, lugha ya nyumbani kwao, na darasani hutakiwa Kiswahili. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwalimu awezavyo kuuingiza usimulizi huo darasani pasipo kuufisha mlangoni.

Jibu ambalo wengi wetu hulitoa haraka ni mchezo wa kuigiza. Ni jibu jema, lakini namna tunavyouandaa mchezo wenyewe ndiyo mara nyingi huua kile tunachokitafuta. Mwalimu huchukua hadithi, huikatakata katika mazungumzo, humpa kila mtoto sentensi zake azikariri, kisha huwapanga mstari mmoja mbele ya ubao. Namna hii ina historia. Shule za wakati wa ukoloni wa Kiingereza zilituletea tamthilia iliyoandikwa, yenye jukwaa upande mmoja na watazamaji walionyamaza upande wa pili. Hata ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala alizieneza baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ziligeuka katika mikono ya walimu wengi kuwa zoezi la kukariri tu. (Kosa hilo si la Mnyampala, aliyekuwa fundi wa kweli wa vina na mizani.) Katika michezo ya namna hiyo mtu mmoja amefukuzwa jukwaani, naye ni mtambaji wa hadithi.

Hebu tumtazame mtambaji huyo akiwa kazini. Yeye ni mtu mmoja, lakini huwa Sungura, mara huwa Fisi, mara hurudi kuwa yeye mwenyewe na kumcheka Fisi pamoja na wasikilizaji. Akisema "Paukwa!" hangoji heshima, hungoja "Pakawa!", na asipoitikiwa haendelei. Katikati ya hadithi huanzisha wimbo, na wimbo huo si pambo: ndio mahali ambapo hadhira hushika hadithi kwa mikono yao. Kwa hiyo wataalamu wa fasihi simulizi husema kwamba fanani na hadhira huijenga kazi kwa pamoja. Ukimwondoa mtambaji, umeondoa pia kazi ya watoto hamsini waliokaa chini. Waliobaki na kazi ni wale sita walio mbele ya ubao.

Waandishi wetu wa tamthilia waliliona pengo hili mapema. Ebrahim Hussein, aliyekwisha kujulikana kwa Kinjeketile ya mwaka 1969, alitoa mwaka 1976 Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, kazi mbili zilizorudi kwa makusudi kwenye utambaji. Penina Muhando, katika Nguzo Mama ya mwaka 1982, alimweka jukwaani Bi Msimulizi. Wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo, na Bi Msimulizi ndiye anayetupeleka kwao, anayesema nasi watazamaji ana kwa ana. Mwalimu asomaye tamthilia hii na aangalie jambo moja la ufundi: kwa kuwa yupo msimulizi, mwandishi hana haja ya kubadili mandhari kwa mapazia na samani. Neno la msimulizi latosha kututoa mahali na kutufikisha pengine. Shule isiyo na ukumbi wala pazia haijapungukiwa kitu.

Tatizo la hadithi za wazee kupoteza mahali pake shuleni halikutufika sisi peke yetu. Huko Wales, katika Ufalme wa Uingereza, karne ya 19 zilikuwapo shule ambamo mtoto aliyesikika akisema Kiwelsh alivishwa kipande cha ubao shingoni. Naye alikivua pale tu alipomnasa mwenzake akisema lugha hiyo hiyo. Msomaji aliyepata kuvishwa kibao kwa kusema lugha ya kwao haihitaji kuelezwa zaidi. Hata hivyo hadithi za kale za nchi ile, ziitwazo Mabinogi, zilizohifadhiwa katika miswada ya karne ya 14, hazikupotea. Kundi la maigizo liitwalo Brith Gof, lililoanzishwa mwaka 1981, lilianza kazi yake kwa kuziigiza. Tarehe 1 Novemba 1982 ilianza S4C, televisheni ya Kiwelsh, baada ya madai ya miaka mingi. Na mwaka 2013 ulipoanza mchezo wa upelelezi wa televisheni uitwao Y Gwyll, waigizaji walipigwa picha mara mbili, mara ya Kiwelsh na mara ya Kiingereza. Ni gharama, bila shaka. Lakini ilionekana afadhali kuliko kuifukuza lugha mojawapo.

Kwetu televisheni ilichelewa: Zanzibar ilianza mwaka 1973, na Tanzania Bara ilingoja hadi miaka ya 1990. Lakini filamu za kigeni zilipoenea katika vibanda vya video, jambo la kupendeza lilitokea. Akatokea mtu wa kukaa na kipaza sauti, akiwaeleza watazamaji kwa Kiswahili yanayotendeka, akiongeza utani, akiwasema wahusika kama jirani zake. Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alipata sifa Tanzania kwa kazi hiyo, na Uganda nako wapo wengi. Wapo wanaoidharau kazi hii kuwa ni kelele. Kwa maoni yangu hakuna ushahidi mzuri kuliko huo kwamba watu wetu, wakikuta masimulizi yasiyo na mtambaji, humtia wenyewe.

Sasa turudi darasani na wale tembo. Andalio la somo lako liwe la darasa la tatu, kipindi cha dakika 40. Ondoa madawati, au utoke nje chini ya mti, na wanafunzi wakae nusu duara. Mchague mtambaji. Usimchague yule mwenye Kiswahili sanifu kuliko wote. Mchague yule ambaye wenzake humzunguka wakati wa mapumziko. Wawili wawe tembo, wa mbele akifanya mkono wake kuwa mkonga. Watatu wawe walinzi wa shamba walio juu ya dungu. Waliobaki wote ni wanakijiji, na madebe yao ni viganja. Usiandike mazungumzo yoyote. Mtambaji atasimulia kwa Kiswahili, waigizaji watatenda anayoyasema na kujibizana kwa maneno yao wenyewe, na kiitikio kitaimbwa na darasa zima. Kiitikio hicho kikiwa cha Kikuria kama kilivyotoka nyumbani, kiacheni.

Bila shaka mtambaji atakwama. Atalijua neno kwa Kikuria na kulikosa kwa Kiswahili. Hapo mwalimu asikimbilie kumsahihisha. Mtambaji na alitaje neno lake, aulize hadhira, na hadhira itafute. Maneno kama mkonga, dungu, kukesha na kunyemelea yakipatikana kwa njia hii huandikwa ubaoni mwishoni, nayo hukaa kichwani kuliko yale yaliyotolewa katika orodha ya msamiati mwanzoni mwa kipindi. Kelele zitakuwapo. Mwombe radhi mapema mwalimu wa darasa la jirani.

Mahali pazuri kuliko pote ni pale tembo wafikapo katikati ya shamba. Msimamishe mtambaji, na yeye aliulize darasa: tufanye nini? Mbinu hii ya kusimamisha igizo ili wenye tatizo walijadili ndiyo kiini cha sanaa za maonyesho kwa maendeleo, kama zilivyojaribiwa huko Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983. Wengine watasema wapigwe mikuki. Mwingine atauliza kwa nini shamba lilimwe kando ya mapito ya tembo. Mwingine, ambaye gunia za mahindi za nyumbani kwao zimekwisha, hatataka kusikia habari ya hifadhi kabisa. Mwalimu asitoe hukumu upesi. Majibu hayo yanasemwa kwa Kiswahili, kwa sentensi nzima, na watoto ambao asubuhi hawakuwa na zaidi ya "ndiyo" na "hapana".

Lakini uliza kwanza kwa walimu wenyeji. Ikiwa yumo mtoto ambaye ndugu yake alijeruhiwa na tembo, chagua hadithi nyingine, Sungura na Fisi hawajazeeka. Vivyo hivyo yako mambo mazito ya mkoa wa Mara, kama ukeketaji na ndoa za utotoni. Mradi wa TUSEME, ulioanzishwa mwaka 1996 na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulionyesha kwamba wasichana wa sekondari huweza kuyasema kwa kinywa cha mhusika yale wasiyoweza kuyasema kwa jina lao. Hata hivyo miradi hiyo ilikuwa na watu wa kubaki na wasichana baada ya igizo. Mwanachuo wa majuma machache, atakayeondoka mwisho wa mazoezi, asilifungue jambo la namna hiyo peke yake.

Kuandika kuje kipindi cha pili. Kila kikundi kiiandike hadithi ilivyotambwa, pamoja na maswali ya mtambaji na majibu ya darasa, na kipindi cha tatu mtambaji awe mwanafunzi mwingine.