Mbasa Apandaye Mto

Leo twapenda kueleza habari za samaki. Huko Ulaya na Marekani wavuvi wa mitoni hungoja baridi ipungue. Maji yakipata joto kidogo, samaki waitwao bass huondoka vilindini wakatafuta chakula na mahali pa kutaga. Sisi wa nchi ya Njombe na Ludewa tuna mbasa. Majina yafanana kwa bahati tu. Samaki hawa si ndugu.

Mbasa ni samaki wa Ziwa Nyasa, mwenye rangi ya fedha, hodari wa kuogelea. Mkubwa huweza kupata kilo 4. Chakula chake ziwani ni samaki wadogo, hasa usipa. Lakini kwa kutaga, ziwa halimfai. Mvua zinapoanza, mwezi wa Novemba au Desemba, na mito ikajaa, huacha ziwa akapanda mtoni, kama vile Ruhuhu, mpaka afike penye changarawe safi na maji yaendayo mbio. Mayai hukaa baina ya mawe madogo, nayo yataka pumzi. Maji yapitayo ndiyo yaletayo pumzi hiyo.

Basi mtu wa Mawengi atauliza, jambo hili lanihusu nini mimi niliye juu mlimani? Lakuhusu sana. Maji ya Mawengi huteremka hata Nyasa. Septemba na Oktoba, baridi ikiisha, twalima na kuchoma moto miteremkoni. Mvua ya kwanza huuchukua udongo ule ulio wazi ikaupeleka bondeni, nao huziba nafasi za changarawe. Mayai hufa pasipo mvuvi kuyagusa. Matuta yaliyokingama mlima, na majani yaachwayo kandokando ya mto, huzuia sehemu kubwa ya udongo huo.

Na wavuvi nao wana lao. Njia ya mbasa yajulikana, kwa hiyo kumkamata ni rahisi mno. Wengine hufunga mto ng'ambo hata ng'ambo kwa ugo na migono, asipite hata mmoja. Wengine hutia utupa, uuao wakubwa na vitoto pamoja. Sisi twaona heri ndoana, kwa kuwa mbasa ni mwindaji, hukimbilia kitu king'aacho kama kipande cha bati kilichosuguliwa. Na ikiwa hapana budi kuweka ugo, pawe na mlango wazi penye kina, usiku na mchana, ili wenye mayai wapate kupita.