Safari Mbili za Damu

Watoto, mnajua mto Kimemi unaopita katika mji wa Butembo. Maji yake huteremka mchana na usiku, wala hayarudi. Maji mliyoyaona asubuhi chini ya daraja, jioni yamekwisha kwenda mbali.

Zamani waganga walidhani kwamba damu nayo ni hivyo. Galen, mganga wa Kigiriki aliyeishi katika karne ya pili, alifundisha kwamba damu hutengenezwa katika ini, kisha huenda mwilini na kuishia huko, kama maji yanyweshwayo na udongo wa shamba. Watu walishika mafundisho hayo kwa miaka zaidi ya elfu moja.

Mwaka 1628 mganga Mwingereza, jina lake William Harvey, aliandika kitabu kuonyesha kosa hilo. Alifanya hesabu. Alikadiria damu inayotoka moyoni kwa pigo moja, akaizidisha kwa idadi ya mapigo. Akaona kwamba katika nusu saa moyo hutoa damu nyingi kuliko ile yote iliyomo mwilini. Damu nyingi hivyo ingetoka wapi? Hakuna mtu awezaye kula chakula cha kutosha kuitengeneza. Basi ni damu ile ile: inatoka moyoni, inazunguka, inarudi, inatoka tena.

Leo tunajua kwamba mtu mzima ana damu kadiri ya lita 5. Akiwa amepumzika, moyo wake husukuma lita 5 hivi kila dakika. Kwa hiyo damu humaliza mzunguko wake katika muda wa dakika moja tu.

Sasa tutazame njia yake. Si wanyama wote wenye njia moja.

Samaki

Mkipata tilapia mbichi aliyeletwa kutoka Kyavinyonge, kwenye ziwa Edward, inueni mfuniko wa shavu lake. Ndani mtaona nyuzi nyekundu zilizopangika kama meno ya kitana. Hayo ni matamvua. Kwa hayo samaki hupumua. Karibu nayo, upande wa chini, umo moyo mdogo. Una vyumba viwili tu: kimoja cha kupokea damu, kimoja cha kuisukuma.

Moyo husukuma damu mpaka kwenye matamvua. Hapo damu huchukua oksijeni iliyomo majini. Kisha haipiti tena moyoni, bali huendelea moja kwa moja mpaka kichwani, tumboni na mkiani. Ndipo inaporudi moyoni. Katika mzunguko mzima imepita moyoni mara moja. Huu twauita mzunguko mmoja.

Mbuzi, kuku na mtu

Siku mbuzi anapochinjwa nyumbani, mwombeni baba aupasue moyo wake katikati, mbele yenu. Mtaona kiambaza cha nyama kinachoukata moyo sehemu mbili, ya kuume na ya kushoto. Kila sehemu ina vyumba viwili. Kwa hiyo vyote ni vinne.

Sehemu ya kuume hupokea damu iliyochoka kutoka mwilini na kuisukuma mapafuni. Huko damu huacha hewa chafu na kuchukua oksijeni, nayo huwa nyekundu ya kung’aa. Lakini haiendi mwilini mara hiyo. Hurudi kwanza moyoni, katika sehemu ya kushoto, nayo huisukuma kwa nguvu mpaka kichwani na miguuni. Katika mzunguko mzima imepita moyoni mara mbili. Huu twauita mzunguko wa mara mbili. Kuku anao, mtu pia anao.

Tazameni pia unene wa nyama ya moyo huo. Upande wa kushoto ni mnene kuliko wa kuume. Kwa nini? Mapafu yako karibu, na mishipa yake ni laini, haitaki msukumo mkali. Lakini upande wa kushoto una kazi ya kuifikisha damu mwili mzima.

Faida ya safari mbili

Fikirini wachukuzi wawili. Wa kwanza anatoka nyumbani, anapanda mlima kufuata mzigo, na kutoka huko anakwenda sokoni bila kupumzika. Atafika, lakini kwa mwendo wa pole. Wa pili akiisha kupata mzigo anarudi nyumbani, anakula, ndipo anapotoka kwenda sokoni na nguvu mpya.

Damu ya samaki ni mchukuzi wa kwanza. Mishipa ya matamvua ni myembamba kuliko unywele. Damu ikipenya humo nguvu yake hupungua, na bado haijafika mwilini. Tilapia hana hasara: maji humbeba, na mwili wake hufuata baridi au joto la maji hayo. Lakini mbuzi husimama kwa miguu yake, hupanda mlima, na mwili wake hudumu na joto hata asubuhi ya baridi kule Lubero. Kazi hiyo inataka oksijeni nyingi, iletwe upesi.

Kuna na wanyama walio katikati. Chura ana vyumba vitatu: viwili vya kupokea na kimoja cha kusukuma. Katika ziwa Edward yumo kamongo, samaki mwenye matamvua na mapafu pia. Moyo wake una kiambaza kisichotimia. Kamongo asipopanda juu ya maji kuvuta hewa, hufa, ingawa ni samaki.

Njia ikikatika

Kwa kuwa damu hukimbia hivyo, mshipa mkubwa ukikatwa na panga shambani, mtu anaweza kufa kwa dakika chache. Damu ikiruka kwa vipigo, nyekundu sana, imetoka katika mshipa wa kupeleka. Hiyo ni hatari kubwa. Damu nyeusi kidogo inayotiririka imetoka katika mshipa wa kurudisha. Zote mbili dawa ya kwanza ni moja: kukandamiza kidonda kwa nguvu na kitambaa safi, bila kuachia, huku mwingine akikimbia kumwita mtu mzima na kutafuta kituo cha afya. Msitie udongo wala majani.

Lakini msiguse damu ya mwingine kwa mkono mtupu. Kuanzia mwaka 2018 hadi 2020 ugonjwa wa Ebola uliua watu wengi huku Beni na Butembo, na damu ni njia yake mojawapo. Kama aliyejikata anaweza, akandamize kidonda mwenyewe. Kama hawezi, vikeni mikono yenu mifuko ya plastiki kwanza.

Maulizo

1. Harvey alijuaje kwamba damu hurudi moyoni?
2. Damu ya tilapia hupita moyoni mara ngapi katika mzunguko mmoja? Na ya mbuzi?
3. Kwa nini upande wa kushoto wa moyo ni mnene?
4. Mwenzako amejikata na panga. Utafanya nini kwanza?