Ndugu wa Mvua Nyingine

Mborana akitoka kusini mwa Ethiopia akafika Merti, kaskazini mwa Kenya, kando ya Mto Ewaso Nyiro, swali la mapema atakalokutana nalo ni la gosa, yaani ukoo wake. Akiutaja, wazee huifuata nasaba nyuma hadi wapate mahali inapokutana na yao. Chai ikifika, mgeni wa nchi jirani ameshapata pa kulala. Mpaka uliwagawa Waborana kati ya serikali mbili. Koo zilibaki zilezile.

Hata hivyo, ukoo hufungua mlango tu. Ili mtu akae, anahitaji maziwa. Hapo ndipo dabare inapoingia: mwenye mifugo humwazima mwenzake ng'ombe anayekamuliwa. Maziwa ni ya aliyeazimwa, ndama ni wa mwenyewe. Aliyeazima hufaidika pia, kwa kuwa ng'ombe aliye kwenye malisho ya mbali hafi pamoja na waliobaki nyumbani. Kwa aliyefilisika kabisa kuna buusa gonofa: ukoo humchangia mifugo aanze upya.

Desturi zote mbili zina sharti moja: lazima awepo aliyesalimika. Wakati wa Vita vya Shifta, uasi wa kaskazini mwa Kenya wa 1963 hadi 1967, serikali ya Kenya iliwakusanya Waborana wa Waso, yaani wa eneo la Ewaso Nyiro, kambini Garba Tulla, Merti na Modogashe. Mifugo ilipigwa risasi, mingine ikafa njaa. Baadhi ya watu walikimbilia Somalia. Huruma ilikuwapo, ila mwenye ng'ombe wa kutoa hakuwapo. Ukame wa 2020 hadi 2023, mvua zilipokatika misimu mitano mfululizo, ulizipiga pande zote za mpaka kwa pamoja.

Mwaka 1973 mwanasosholojia Mmarekani, Mark Granovetter, alieleza kwamba watu tunaojuana nao kijuujuu hutuletea habari mpya za kazi, kwani wa karibu wanajua tunayoyajua. Merti inaongeza kwamba wa karibu pia huumia tunapoumia. Ndiyo maana jamaa anayeuza nyama ya mbuzi Kiamaiko, Nairobi, ana uzito wa pekee: mbuzi hupakiwa lorini, pesa hurudi kwa simu. M-Pesa, iliyoanza Kenya 2007, ilifika Ethiopia 2023. Imefupisha njia, lakini haimpi cha kutuma ndugu aliyekaukiwa.

Basi anayepima mtandao wa mhamiaji asiishie kuhesabu ndugu. Aulize ni wangapi kati yao wananyeshewa na mvua nyingine.